Una kisukari cha aina gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukikaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari asubuhi, utasikia watu wakijitambulisha kwa dawa zao: huyu ni wa sindano, yule ni wa vidonge. Wengine hujitambulisha kwa namba waliyoiona kwenye mashine. Wanaotaja aina ya ugonjwa wao ni wachache, na wapo waliohudhuria miaka mingi bila kuambiwa aina hiyo. Majibu yafuatayo ni kwa ajili yao na kwa jamaa wanaowauguza nyumbani. Hayachukui nafasi ya daktari anayekufahamu, lakini yanaweza kukusaidia kumuuliza maswali ya maana.

Kisukari ni nini hasa?

Vyakula vya wanga kama ugali, wali, mihogo, ndizi na chapati vikishasagwa tumboni hugeuka kuwa sukari iitwayo glukosi, ambayo huingia kwenye damu. Ili sukari hiyo itoke kwenye damu na kuingia kwenye misuli ikatumike, inahitajika homoni ya insulini. Homoni hii hutengenezwa na seli za beta zilizomo ndani ya kongosho, kiungo kilicholala nyuma ya tumbo la chakula. Mtu ana kisukari pale sukari inapobaki juu kwenye damu kwa sababu insulini haipo, au haitoshi, au ipo ila mwili hauiitikii.

Sukari ikizidi kiwango fulani, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini. Nyingine hutoka na mkojo, tena ikivuta maji. Ndiyo maana mgonjwa huamka usiku mara kwa mara kwenda kukojoa, kisha hushikwa na kiu isiyoisha. Kabla ya mashine za kupimia, wapo walioshtuka baada ya kuona sisimizi wamejaa pale mtu alipokojoa.

Je, sukari ya kupanda na sukari ya kushuka ndizo aina mbili za kisukari?

Hapana, ingawa utasikia hivyo karibu kila mtaa. Kisukari cha aina yoyote ni ugonjwa wa sukari kupanda. Mara nyingi kushuka huletwa na tiba yenyewe: umechoma insulini nyingi kuliko chakula ulichokula, umemeza kidonge kama glibenklamidi kisha ukaruka mlo, umelima kutwa nzima, au umekunywa pombe bila kula. Mtu huyohuyo anaweza kuamka sukari ikiwa juu, na kufikia jioni ikawa imeshuka.

Imani hii ina madhara. Mtu akishaaminishwa kwamba yeye ana "ya kushuka", huanza kubeba soda kila aendako na kuacha dawa, huku figo na macho yakiharibika polepole.

Kwa anayetumia dawa za kisukari, sukari chini ya milimoli 4 kwa lita inahitaji kushughulikiwa papo hapo. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, pengine hata ukali usio wa kawaida yake. Koroga vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji anywe, au mpe nusu glasi ya soda ya kawaida. Mpime tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini rudia. Ikishapanda, mpe chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote mdomoni, maana kitampalia. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali.

Basi aina ziko ngapi?

Zinazojulikana zaidi ni tatu: aina ya kwanza, aina ya pili, na kisukari cha ujauzito. Aina ya pili peke yake inachukua zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wote duniani. Nje ya hizo tatu kuna makundi madogo: kisukari kitokanacho na hitilafu ya jeni moja, kile cha kongosho lililoharibika, kile kinacholetwa na dawa, na aina mseto zenye sura ya kwanza na ya pili kwa pamoja.

Shirika la Afya Duniani lilipopanga upya orodha hii mwaka 2019, liliweka pia kundi la wagonjwa ambao aina yao bado haijulikani. Kwangu mimi hilo ni jambo la busara. Kumwandikia mgonjwa "bado tunachunguza" ni salama kuliko kumbandika aina isiyo yake na kumnyima tiba inayomfaa.

Aina ya kwanza ikoje?

Hapa kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huzigeukia seli za beta na kuziua. Kwa nini hasa inafanya hivyo haijafahamika kikamilifu. Kuna mchango wa kurithi na kuna mchango wa mazingira, na baadhi ya virusi hushukiwa. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba mtoto hakuupata kwa kula pipi, na mama hana la kujilaumu.

Mara nyingi huanza utotoni au katika ujana, lakini hata mtu wa miaka 40 anaweza kuupata. Kwa mtoto dalili huja kwa kasi, ndani ya siku au wiki chache: anakojoa sana, aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena, anakunywa maji mfululizo, anakonda ingawa anakula vizuri, na darasani anasinzia.

Tiba yake ni insulini, kila siku, maisha yote. Vidonge haviwezi kushika nafasi hiyo, wala majani ya kuchemsha. Kabla ya mwaka 1922 utambuzi wa ugonjwa huu ulikuwa sawa na hukumu ya kifo. Januari mwaka huo, katika hospitali moja ya Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini iliyopatikana kwa juhudi za Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod. Sindano ya kwanza haikumsaidia sana. Collip akaisafisha zaidi ile dawa, na sindano zilizofuata siku chache baadaye zikashusha sukari yake. Aliishi hadi mwaka 1935. Leo mtoto mwenye aina ya kwanza anayepata insulini, vipimo na watu wanaomwelewa anasoma, anacheza mpira, anaoa au kuolewa, na anazeeka.

Kwa nini watoto wengine hufariki kabla hata ya kujulikana kuwa wana kisukari?

Kwa sababu dalili zake huvaa nguo za magonjwa tuliyoyazoea. Mwili ukikosa insulini kabisa huanza kuchoma mafuta kwa fujo na kuzalisha tindikali ziitwazo ketoni. Mtoto anatapika, tumbo linamuuma, amelegea, anahema kwa kasi na kwa kina. Nyumbani wanasema malaria. Zahanati nayo, ikiwa na wagonjwa hamsini kwenye foleni, inaweza kusema malaria, taifodi au nimonia. Wapo wanaokwenda moja kwa moja kwenye kusema amerogwa. Siku mbili zikipita hivyo, mtoto anaweza kupoteza fahamu.

Tone moja la damu kidoleni linatoa jibu ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo mtoto yeyote anayetapika na kuhema kwa kasi, hasa kama alikuwa akikojoa na kunywa maji kupita kawaida, omba apimwe sukari. Usione haya kuomba. Harufu ya matunda yaliyoiva sana katika pumzi yake ni ishara nyingine, ingawa si kila mtu huweza kuinusa. Hali hii ni ya dharura na hutibiwa hospitalini kwa maji ya mshipani na insulini. Usisubiri kesho.

Tangu mwaka 2009 kumekuwa na mpango wa kimataifa uitwao Changing Diabetes in Children, unaotoa insulini na vipimo bure kwa watoto katika nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Mzazi wa mtoto aliyegundulika aulize kliniki iliyo karibu kama inahudumia watoto chini ya mpango huo au mwingine wa namna hiyo.

Na aina ya pili?

Katika aina ya pili kongosho bado linatengeneza insulini, lakini misuli na ini huwa sugu kwayo. Kongosho hujitahidi kuongeza, kisha baada ya miaka huchoka. Mabadiliko hayo huenda polepole, kwa hiyo mtu anaweza kukaa nayo miaka mingi bila kujua. Wengi hugundulika kwa bahati tu: amekwenda kupima presha, ana kidonda cha mguu kisichopona, macho yanaona ukungu, fangasi sehemu za siri zinajirudia, au miguu inawaka moto usiku. Makadirio ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari ya mwaka 2021 yaliweka watu wazima wenye kisukari barani Afrika kuwa milioni 24, na zaidi ya nusu yao hawakujua kuwa wanaumwa.

Kinachochangia ni uzito uliozidi, hasa mafuta ya tumboni, kukaa sana, umri, na historia ya kisukari katika ukoo. Tumezoea kusema ni ugonjwa wa matajiri, na jambo hilo halina ukweli tena. Muuza duka anayeketi kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku, anayepanda bodaboda kwenda hata mahali pa dakika 10 kwa miguu na kushushia mchana wake chipsi na soda, yumo hatarini kama mkurugenzi mwenye gari.

Tiba huanza na chakula na mazoezi, na kwa wengi metformini huanzishwa mapema. Dawa nyingine huongezwa kadiri inavyohitajika, pamoja na insulini. Presha na lehemu navyo vidhibitiwe, maana wengi wenye aina ya pili huuawa na moyo au kiharusi.

Mimi ni mwembamba. Naweza kuwa na aina ya pili?

Ndiyo. Tafiti za Uganda zimeonyesha kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa wa aina ya pili huko si wanene, na kwao tatizo huelekea kuwa upungufu wa insulini zaidi kuliko usugu wake. Wembamba wako usikufanye ukatae kupima. Pia usimfanye daktari aamue aina kwa kukutazama tu.

Nimeanzishiwa insulini. Je, nimehamia aina ya kwanza?

Hapana. Aina hutajwa kwa chanzo cha ugonjwa. Zamani vitabu vya tiba viligawa kisukari kuwa "kinachotegemea insulini" na "kisichotegemea insulini", na majina hayo yakaachwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu yaliwachanganya watu namna hiihii. Mgonjwa wa aina ya pili anaweza kuhitaji sindano baada ya miaka 10 au 15 kongosho likichoka. Anaweza pia kuzihitaji kwa muda tu, akiwa amelazwa, anafanyiwa upasuaji au ni mjamzito. Haina maana kwamba umefika mwisho. Wanaosema "fulani alianza sindano akafa" husahau kwamba huyo fulani aliikataa miaka mitano, akaanza figo zikiwa zimeshakwenda.

Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kijana mwenye aina ya kwanza anapewa vidonge kwa sababu ana miaka 28 na mtu mzima "huwa na aina ya pili". Ukiona mtu mwembamba anaendelea kukonda na sukari haishuki kwa vidonge, arudi hospitali haraka na aulizie kipimo cha ketoni.

Kuna kipimo kinachotaja aina?

Vipo viwili vinavyosaidia. Cha kwanza hutafuta kingamwili zinazoshambulia kongosho, na zikipatikana zinaelekeza kwenye aina ya kwanza. Cha pili ni C-peptaidi, kinachoonyesha kongosho bado linatoa insulini kiasi gani. Vyote ni ghali na hupatikana hospitali kubwa tu, kwa hiyo madaktari wengi huamua kwa historia, umri, mwili na jinsi dawa zinavyofanya kazi.

Hata vikipatikana havimalizi mjadala. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliwachunguza vijana wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini walioandikiwa aina ya kwanza, na takriban theluthi mbili yao hawakuwa na kingamwili zile zinazotarajiwa. Bado walihitaji insulini. Huenda Afrika ina sura ya ugonjwa ambayo vitabu vilivyoandikwa kwa wagonjwa wa Ulaya havikuichora.

Nimesikia kuna "aina ya tano". Ni kweli?

Ni jina jipya la jambo la zamani. Mwaka 1955 daktari mmoja alieleza wagonjwa wa Jamaika ambao hawakufanana na aina ya kwanza wala ya pili. Baadaye wagonjwa wembamba sana waliokua katika lishe duni walielezwa pia Asia na Afrika. Shirika la Afya Duniani liliweka kisukari cha utapiamlo kwenye orodha yake mwaka 1985, likakiondoa mwaka 1999 kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Aprili 2025, katika mkutano wake wa Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikitambua na kukiita aina ya tano. Si wataalamu wote wamekubali. Wanaokikubali wanaonya kwamba kumpa mgonjwa wa namna hii dozi kubwa ya insulini, huku nyumbani chakula ni cha kubahatisha, kunaweza kumuua kwa sukari kushuka.

Kisukari cha ujauzito huisha baada ya kujifungua?

Kwa wengi sukari hurudi kawaida. Wakati wa ujauzito homoni za kondo la nyuma huufanya mwili uwe sugu kwa insulini, na mama ambaye kongosho lake halimudu kuongeza huishia na sukari ya juu. Mara nyingi hajisikii lolote, hivyo kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28: anakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi na kupimwa kwa vipindi. Mtoto anaweza kukua kupita kiasi, uzazi ukawa mgumu, naye akazaliwa na sukari ya chini. Aliyewahi kujifungua mtoto wa kilo 4 au zaidi amwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki.

Baada ya kujifungua, mama apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, kisha aendelee kupima kila mwaka au angalau kila baada ya miaka 3, kwa sababu uwezekano wake wa kupata aina ya pili baadaye ni mkubwa mara kadhaa kuliko wa wenzake. Hapa ndipo tunapowapoteza wengi. Mtoto anapelekwa chanjo kwa wakati, mama hakumbukwi na mtu.

Dawa zinaweza kuleta kisukari?

Zinaweza. Zinazoongoza ni za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, ambazo kwa bahati mbaya huuzwa kiholela kwa pumu, mzio na hata kunenepesha mwili. Ukiwa na kisukari mwambie kila anayekuandikia dawa. Kongosho lililoharibiwa na pombe ya miaka mingi nalo huleta kisukari chake.

Namba gani inathibitisha kisukari?

Sukari ya asubuhi kabla ya kula kitu ikiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi. Au saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi ikiwa 11.1 au zaidi. Au wakati wowote ikiwa 11.1 au zaidi na dalili zipo. Au HbA1c, ambayo kliniki nyingi huiita sukari ya miezi mitatu, ikiwa asilimia 6.5 au zaidi. Kama huna dalili, kipimo kimoja hakitoshi, kirudiwe siku nyingine. Mashine inayosoma miligramu hutoa namba kubwa: zidisha milimoli kwa 18, hivyo 7.0 ni 126. Nimeona watu wakitishana kwa "sukari 140" ambayo, baada ya kula, ni 7.8 tu.

Mwenye selimundu asitegemee HbA1c. Chembe zake nyekundu hufa mapema, na kipimo kinaweza kuonyesha nafuu isiyokuwepo.

Kisukari kinapona?

Aina ya kwanza haina tiba ya kuiponya kwa sasa. Wiki chache baada ya kuanza insulini, mahitaji yanaweza kushuka sana kwa muda, na hapo ndipo waganga hujipatia sifa. Usiache sindano.

Aina ya pili inaweza kutulia. Katika utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017, watu wenye uzito mkubwa waliougua kwa miaka isiyozidi 6 walipunguza uzito kwa mpango mkali wa chakula, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao walikuwa na sukari ya kawaida bila dawa. Uzito ukirudi, sukari hurudi. Kwa hiyo hata aliyetulia aendelee kupimwa.

Dona na asali ni salama?

Dona ina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini ni wanga uleule, na sahani iliyojaa itapandisha sukari. Kiasi ndicho cha kuangalia: mboga za majani nusu ya sahani, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama. Asali ni sukari, hata iwe ya Tabora.

Sina friji. Insulini nitaihifadhije?

Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 inapowezekana, hata kwa kuiacha kituo cha afya na kuchukua chupa moja moja. Unayoitumia hukaa nje takriban wiki 4 mahali pa baridi na kivuli. Chungu cha udongo chenye maji, dawa ikiwa ndani ya kopo lililofungwa, husaidia sana. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021, vikifuata joto lililopimwa katika kambi ya Dadaab nchini Kenya, vilionyesha insulini ikibaki na nguvu kwa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Isigande kamwe. Iliyoganda itupwe.

Naweza kufunga Ramadhani?

Inategemea aina na dawa. Anayetumia metformini peke yake na sukari yake imetulia mara nyingi hufunga salama baada ya daktari kupanga upya saa za dawa. Mwenye aina ya kwanza, mjamzito anayechoma insulini, na aliyeshuka hadi kuzirai miezi ya karibuni wako katika hatari kubwa na hushauriwa wasifunge. Wanazuoni wengi wanakubali kwamba kujidunga insulini au kutoboa kidole kupima hakufunguzi, kwa hiyo pima mchana. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, fungua saa hiyohiyo, hata kama adhana ya magharibi imebakiza dakika 20. Wakati wa kufuturu, tende moja au mbili na maji zinatosha kuanzia. Kaimati na uji wa sukari visishindane kwenye sahani moja. Nenda kliniki kupanga haya mwezi mmoja au miwili kabla, wakati Shaaban haijaandama.